Jumanne za Kalamu Nyekundu

...na sukari, hilo ndilo la kwanza, maana tangu pacha waende shule ya bweni kopo la sukari la nyumba hii halijawahi kwisha kabla ya mwezi kufika katikati, na leo amelitikisa limenyamaza kimya, halafu mke anakunywa chai bila sukari, anasema amepunguza utamu kwa ajili ya afya, afya gani hiyo iliyokuja siku moja na ndoo, akawaza dereva, huku kiatu cha kushoto kimeshaingia mguuni na cha kulia amekishika mkononi, amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, saa moja asubuhi, jua limegusa nusu ya ua, na hatua nne mbele yake mkewe amechuchumaa, amempa mgongo, anakoroga ndani ya ndoo ya buluu kwa mwiko uliostaafu jikoni, taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa, na ile pampu ndogo ya tangi la samaki, ambayo yeye hakuinunua wala hakuambiwa imetoka wapi, inapuliza hewa humo ndani, blu-blu-blu, siku ya tisa leo, blu-blu-blu, umeme ukikatika mke anaruka kitandani kama kaunguzwa, anakwenda kukoroga kwa mkono mpaka urudi... miaka kumi na minne ya ndoa, na hajawahi kumrukia yeye hivyo, hata siku ile alipoteleza juu ya tangi la lori akavunjika mbavu mbili, alimuuguza, ndiyo, alimlisha kwa kijiko, ndiyo, lakini kuruka hakuruka. Na anaiongelesha. Hilo asingelisema kwa mtu, lakini fundi cherehani wa jirani naye kalisikia, juzi kamsimamisha kwenye uzio, uzi mdomoni, kacheko kamejificha pembeni, "Baba Pacha, hivi mkeo kila asubuhi anaongea na nani huko nyuma?" na yeye akajibu anaongea na simu, akajisikia mjinga, maana mwenyewe alikwisha kumsikia kwa masikio yake mawili akinong'ona, "kuleni wanangu, kuleni, msinifie"... wanangu! Wana wake wako bweni, wawili, wana majina, wana madaftari, leo anao wengine ndani ya ndoo? Ndipo akaanza kumwachia aonje chai kwanza. Hakusema kitu, ila kikombe chake anakizungusha, anakipuliza, anasubiri mke apige funda la kwanza kutoka birika lile lile, kisha ndipo naye anakunywa, na anaona aibu, na anafanya hivyo hivyo kesho yake, kwa sababu tope lililomo humo ndani ni la kahawia kama kahawa ya juzi, lina harufu ya udongo uliolowa mvua na mbwa aliyelowa mvua, na mwanamke hafuniki ndoo kwa shuka kuukuu akaifunga kwa kamba kama hakuna anachokificha.

"Unanisikiliza lakini?" mke akauliza bila kugeuka, na yeye akaguna, mh, kwa sababu kweli ni yeye aliyeuliza, dakika mbili zilizopita, kwa sauti iliyotoka kavu kuliko alivyokusudia, "Mama Pacha, leo uniambie, hiyo ndoo ina nini," akitegemea atapigwa chenga kama siku zote, ni ya kazini, acha tu, lakini mke leo kasema, "Haya, kaa nikuambie, maana leo naweza kurudi nyumbani sina kazi," na yeye tayari alikuwa amekaa, akabaki na kiatu chake mkononi, na sasa mke anaeleza na yeye anasikia nusu, nusu nyingine iko kwenye kile kijitabu. Kijitabu hakukitafuta, alikuwa anatafuta ufunguo wa geti ndani ya mkoba, akakutana nacho, jalada gumu, mwandiko wa mkewe ule wa herufi zilizosimama wima kama askari, tarehe, tarehe, namba, namba, na kila baada ya siku saba duara jekundu, Jumanne, Jumanne, Jumanne, akahesabu kumi na moja, na pembeni ya kila duara saa, saa nane, saa nane na robo, saa nane u nusu, na herufi moja tu, M. Mtu mzima hahitaji kwenda shule kusoma hiyo. M ni Miwani. Miwani ni mpimaji wa maabara kule mabwawani, kazini kwa mke, kijana mrefu aliyevaa vioo vizito kama vitako vya chupa, ndiye anayempigia simu saa ya chakula cha jioni, na mke anainuka mezani anakwenda kusikilizia nje, na maneno yanayopenya dirishani si ya kazi, kazi gani inamfanya mtu aseme "Hapana... wote? Jamani, wote?" kwa sauti ile ya kuvunjika... na kwa nini Jumanne? Hapo ndipo palipomkereketa zaidi, kwa sababu Jumanne ndiyo siku yake yeye ya kuwa mbali, Jumanne lori linatakiwa liwe limelala kwa kuoshwa na kupigwa grisi, ndivyo alivyomwambia mke, nashinda gereji, simu naiacha kwenye gari, usinitafute, na wao wakaichagua Jumanne hiyo hiyo, wamejuaje, nani kawaambia kwamba Jumanne saa nane mwenye nyumba hayupo wala hapatikani?

"...kwa hiyo hawa wadudu," mke anasema, "huwezi kuwanunua dukani, unawalea," na mwiko unazunguka, "ulipokuja kumwaga siku za mwanzo unakumbuka, ulikuwa unacheka, unasema nimeajiriwa kuchunga vijidudu," na anakumbuka, lo, anakumbuka sana, kabla hajawa mume alikuwa dereva tu wa lori la kunyonya vyoo, anafika geti la mabwawa ya kusafishia maji machafu ya viwanda na mzigo wake wa mashimo ya watu, anataka kufungua koki aondoke zake, na msichana mmoja mwenye buti za mpira zilizompita magoti anatoka kibandani na kichupa, anamwambia simama hapo, sijakupima, na yeye anamwambia dada, haya ni mavi, mavi yana vipimo? na msichana hakucheka, alichovya karatasi yake, akaitazama inavyobadilika rangi, akasema, "Haya mazuri, hiki ni chakula, mwaga," na yeye akajiuliza ni mwanamke gani huyu anayesema hiki ni chakula na bado anapendeza... akawa anapeleka mizigo miwili pale hata siku ambayo ungetosha mmoja. Alimweleza yote wakati ule, chini ya kibanda, kwamba kiwanda cha gundi ya mbao kinatoa maji yenye sumu inayoweza kuua samaki wa mto mzima, na kwamba hakuna mashine inayoiondoa kwa urahisi, wanaoiondoa ni wadudu, wadogo hata huwaoni ila kwa hadubini, wanaila, kweli wanaila kama wewe unavyokula mkate, lakini lazima uwafundishe, leo tone, wiki ijayo matone mawili, na chakula kingine pembeni wasife njaa, na hewa, hewa usiku na mchana, na iliwachukua yeye na mzee aliyemtangulia miaka miwili mizima mpaka wadudu wakazoea kula sumu ile wakashiba, "wamefuzu," alisema, na akaweka samaki kwenye bwawa la mwisho ili kila mgeni aone kwa macho, samaki kweli, wanaogelea katika maji yaliyoingia yananuka dawa yakatoka yananuka maji.

"Wamekufa mara nne," mke akasema, na mwiko ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. "Mara nne, Baba Pacha. Miezi mitatu hii. Mimi nalea, wanachangamka, povu linakaa vizuri, tope linatulia chini, halafu siku moja mchana nafika bwawani nakuta povu limekwisha, maji yamegeuka kijivu, naweka tone chini ya hadubini, wale wadogo wenye mkia waliokuwa wanakimbiakimbia wamesimama. Wamesimama tu. Kama mji uliopigwa na kitu." Akavuta pumzi. "Mchana wa Jumanne. Kila mara inaanza Jumanne. Zile Jumanne nyingine wanazimia, wanaamka Alhamisi, lakini mara nne wamekufa kabisa. Nikaanza kuandika, nazungushia wekundu, naandika na saa, naweka M." "M?" akajikuta ameuliza, na sauti imetoka nyembamba. "Msiba," mke akasema. Msiba... si Miwani, msiba, na damu ikampanda dereva usoni na masikioni, akainama akajifanya anatoa kokoto ndani ya kiatu, kokoto haipo, anakung'uta kiatu kitupu, miezi mitatu namwonjesha chai mke wangu, hapana, siku tisa, hata siku tisa ni nyingi, na M ni msiba... lakini subiri, mtu anaweza kusema msiba, kusema ni rahisi, na simu za jioni je, na mara mke, kama aliyemsikia, "Miwani ndiye aliyenipa hii pampu, ya samaki wa mtoto wake, tukasema tuchote ndoo moja ya wale waliobaki hai kabla hawajaisha wote, tuifiche, maana mkuu amesema kosa ni letu, uzembe, mabwawa yatafungwa na maji ya gundi yatapita moja kwa moja mtoni, na sisi tuone pa kwenda, leo saa nne naitwa ofisini, sasa wakifunga, siku watakapofungua tena wataanzia wapi? Miaka miwili mingine? Hii ndiyo mbegu. Hii ndoo ndiyo yote iliyobaki." Akatia kijiko cha sukari, nusu kijiko, akakung'uta, akatia matone manne kutoka kichupa cheusi, akayahesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne. Ndiyo hiyo sukari. Ndiyo hao wanangu.

Alitakiwa ahisi amepumua, na alipumua, kama pumzi mbili hivi, moyo ukakaa mahali pake, akataka hata kucheka, akataka kumwambia mwenzangu unajua mimi nilidhani nini, angemcheka mpaka pacha warudi likizo, lakini kuna kitu kilibaki kimesimama kama mtu mlangoni ambaye hajakaribishwa na hataki kuondoka, na kitu hicho ni Jumanne. Kila Jumanne. Mchana. Jumanne yeye hayuko gereji. Jumanne saa tatu anaendesha lori mpaka karakana ya kaka yake mkubwa, nyuma ya soko la vyuma chakavu, pale kaka anapochovya bampa za magari na mabomba ya vitanda katika mapipa yake ya dawa ya rangi ya machungwa na ya kijani mpaka vinatoka vinang'aa kama kioo, na kaka alimwita miezi mitatu iliyopita akamwambia mdogo wangu, nisaidie, shimo langu limejaa, yule aliyekuwa ananichukulia amehama, ni maji ya kusuuzia tu, vyuma vikishachovywa lazima visuuzwe, na yeye akasema hamna neno, kaka ni kaka, aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na mke asijue, kwa nini asijue, kwa sababu mke na kaka hawasalimiani tangu ile siku ya mkutano wa ukoo, kaka aliposimama mbele ya watu wote akasema mdogo wangu yeye ananyonya, mkewe anakoroga, nyumba imekamilika, na ukumbi ukaanguka kicheko, shangazi mmoja akapaliwa, na mke akaweka sahani yake chini akatoka, hakurudi mpaka leo. Ndiyo sababu. Amani ya nyumba. Hakuna siri nyingine, alijiambia, na anajiambia sasa, na hata hivyo maji yale hayaendi mabwawani kwa mke, hayafiki hata karibu na geti, anayamwaga mbali, kwenye chemba ya zamani nyuma ya ghala lenye ukuta wa njano uliobomoka, anainua mfuniko, anaingiza mpira, robo saa imekwisha, chemba ile haina mwenyewe, haiendi popote, imekufa zamani... imekufa? Nani kamwambia imekufa? Kaka. Kaka kaambiwa na nani?

"...tukafuata chemba moja moja," mke anasema, na sasa dereva anasikia kila neno, hata yale ambayo hajayasema anayasikia, "mimi na Miwani, tumemaliza wiki mbili tunainua mifuniko, tunashusha kichupa kwa kamba, kama wavuvi wa visima, watu wanatupita wanatuona wendawazimu, maana viwanda vyote vinaapa si wao, na kweli tukipima mabomba yao ni yale yale ya siku zote. Kisha tukapata njia moja kuukuu, haimo hata kwenye ramani ya ofisi, inatoka juu kule kwenye maghala, inashuka chinichini mpaka inaungana na bomba letu, maji yanatembea humo kwa muda wa saa tatu, Miwani alitia rangi tukasubiri, muda wa saa tatu kasoro kidogo." Tano na tatu, nane. Saa tano anainua mfuniko, saa nane povu linakufa. Hakuhitaji kupiga hesabu, hesabu ilijipiga yenyewe, ikakaa kifuani, na jasho jembamba likamtoka chini ya shati, asubuhi na baridi yake hii. "Tumeishia kwenye chemba moja nyuma ya ghala, lina ukuta wa njano umebomoka, unapajua?" na yeye akasema, "Maghala ni mengi," na mara tu alipolisema akajua hakujibu kama mtu asiyejua angejibu, mtu asiyejua angesema hapana, angesema wapi huko, na mke hakugeuka, mwiko tu, unazunguka, blu-blu-blu, mbona hageuki? Mwanamke huyu huwa anaongea na mtu usoni, hata akigombana anakusogelea mpaka unahesabu kope zake, leo ameupa mgongo mlango tangu mwanzo, kwa nini leo amekubali kueleza, siku tisa ameuma meno, leo, Jumanne, asubuhi kabla hajawasha lori... "Mfuniko wake una alama mpya za nondo," mke akasema, "na matope pembeni yana tairi. Lori, matairi mawili mawili nyuma, na la ndani upande wa kushoto lina kidonda kama mdomo." Na kidonda hicho anakijua, alikipata juu ya chuma cha ujenzi mwaka jana, alilipaka mpira mwenyewe, mke akimshikia taa ya simu, akasema mbona limecheka hili tairi.

Anajua. Au hajui. Anajua, maana mtu hasahau tairi lililocheka, hajui, maana angejua angepiga kelele, angetupa ndoo, hapana, yeye si wa kupiga kelele, siku ya ukoo hakupiga kelele, aliweka sahani chini... anajua na ananitega, leo saa tano atakuwa amekaa kwenye gari la Miwani nyuma ya ule ukuta, anataka anikamate na mpira mkononi, mbele ya Miwani, aniache hapo hapo, hapana, kama angetaka kunitega asingeniambia, nani anamwonyesha panya mtego na kumweleza unavyofyatuka, basi anajua na ananifungulia mlango nikimbie, nimwambie kaka leo siji, wiki ijayo siji, wadudu wapone, mambo yaishe yenyewe, hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyejibu... na ofisini saa nne? Nani atakayesema kwamba si uzembe wake? Atasimama mbele ya mkuu na kijitabu chake cha misiba, na mkuu atauliza lori la nani, na yeye ama atasema hajui ama atamtaja mumewe, na hilo ndilo analolikoroga pale tangu alfajiri, si sukari. "Kidonda chako cha kidole kimepona?" mke akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama chumvi inatosha, na yeye akakitazama kidole chake cha shahada kana kwamba ni cha mtu mwingine, kile kitundu cha duara, kidogo, kina kingo ngumu kama kimetobolewa kwa msumari wa moto, hakiumi sana ila hakifungi, wiki ya sita, na akaona mikono ya kaka, mikono yote miwili ya kaka imejaa vitundu hivyo hivyo, na pua ya kaka inayotoka damu anaposema anapiga chafya tu, kaka anayesema ni aleji ya vumbi, kaka anayekohoa mpaka anashika ukuta. "Kinapona," akasema. "Usikichezee," mke akasema.

Na tuseme hakujua. Tuseme kweli alidhani chemba imekufa na maji ni ya kusuuzia, aliambiwa na kaka yake wa damu, nani anamshtaki mtu kwa kumwamini kaka yake, hoja hiyo ilikuwa nzuri, akaishika, akaigeuza, akaitafutia maneno atakayoisemea, mimi niliambiwa, mimi ni dereva tu, na ilikuwa inakaribia kukaa vizuri mdomoni wakati swali jingine lilipokuja, na hakuliita, lilikuja lenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, sauti anayoitumia kumdaka utingo akidanganya, kama yalikuwa maji ya kusuuzia tu, Baba Pacha, mbona hukuyapeleka getini? Geti liko karibu kuliko ghala. Getini ana mke wake, lori lake halisimamishwi zaidi ya dakika tano. Ugomvi wa ukoo? Lori halina jina la kaka ubavuni, angesema ni shimo la shule, la hospitali, la nyumba ya wageni, mke asingeuliza la nani. Asingeuliza. Angechovya karatasi. Hicho ndicho alichokuwa anakikwepa Jumanne kumi na moja, si mdomo wa mke, karatasi yake, ile karatasi nyembamba ambayo ingegeuka rangi mkononi mwake na yeye amesimama pale kando ya koki, kwa hiyo alijua, si kwa kichwa, kichwa alikifunga, lakini mikono ilijua, mikono ilikata kushoto kwenye njia panda kila Jumanne badala ya kulia, mikono ilivaa glavu kwa maji haya na haikuvaa kwa ya vyoo, na pua ilijua, na siku mpira uliporuka ukamwagia kidole alikimbilia bomba kuosha kama kaumwa na nyoka, mtu hakimbii hivyo maji ya kusuuzia... siku tisa amemchunguza mwanamke huyu, sukari yake, simu zake, mkoba wake, mdomo wake unavyogusa chai, amemlinda kama polisi, na mwenye kutembea na siri nyumba hii, mwenye siku yake, saa yake na mahali pake pa kificho, alikuwa yeye. Na yale maji ya gundi, wiki zile wadudu wamelala wamekufa, yalipita wapi, yalipita tu, yakaenda mtoni hivyo hivyo na sumu yake, kwa watu wanaochota huko chini, na wale samaki wa bwawa la mwisho, hakuuliza samaki wamekuwaje, ameogopa kuuliza, akauliza, "Na samaki wako?" na mke akasema, "Walielea Jumanne ya pili ile," na akaongeza, "niliwazika, Miwani alinicheka, nikawazika."

Mke akalitazama povu, akalishika kwa ncha ya kidole, akanusa, akatikisa kichwa kidogo kama mama aliyegusa paji la uso akakuta homa imeshuka, na dereva akamwona, baada ya siku tisa za kumtazama akamwona, shingo imekonda, sketi ya kazini imeshapigwa pasi kwa ajili ya ofisini na ameikunja juu ya magoti isiguse tope, nyayo zake zimepauka, na bado hajageuka, na sasa dereva hakujua tena kama hajageuka kwa sababu ya hasira au kwa sababu ya huruma, au ni kwa sababu mtu akikoroga anatazama anachokikoroga, na akagundua kwamba shaka hii hataiondoa kwa kuichunguza, angeweza kukaa kizingitini siku tisa nyingine akiisoma shingo ile na asipate jibu. Kaka atafungiwa karakana. Kaka atasema umeniuza kwa mwanamke. Mwenye lori atachukua ufunguo wake. Yote hayo yalipita mbele yake yakiwa yamekamilika, kila moja na sura yake, na hakuna hata moja lililomfanya avae kile kiatu. "Mama Pacha," akaita. "Naam." "Hilo lori..." akakiweka kiatu chini, akaanza upya, "Usimpeleke Miwani kule chemba leo. Hakuna atakayekuja. Hilo lori ni langu. Ni mimi." Mwiko ukasimama. Hewa ikaendelea kupanda ndani ya ndoo, blu-blu-blu, fundi cherehani ng'ambo ya uzio akawasha redio, akaizima, na mke hakupiga kelele wala hakugeuka upesi, aligeuka taratibu akiwa amechuchumaa vilevile, na macho yake yalikuwa mekundu, tangu lini, tangu kabla hajaanza kueleza? akamtazama kwanza kidole, kisha uso. "Ni maji ya nini?" akauliza. "Ya kaka." "Sikuuliza ya nani. Yana nini ndani, Baba Pacha? Saa nne wataniuliza, na mimi nikijua ni nini naweza kuwalea hawa wakarudi." Akafungua mdomo kusema ni ya kusuuzia tu, maneno yale ya kaka, yalikuwa tayari ulimini, akayasikia kabla hayajatoka jinsi yatakavyosikika hapa, mbele ya ndoo hii, akayameza. "Ni ya mapipa," akasema. "Moja la machungwa, moja la kijani. Sijui majina yake. Kabla ya saa nne naweza kukuletea kichupa." Mke akafuta mkono kwenye kitambaa, akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, akachukua kichupa kitupu kilichokuwa kando ya ndoo, kimeoshwa, kina kifuniko na karatasi nyeupe iliyobandikwa ambayo haijaandikwa kitu, akamnyooshea. "Vaa glavu," akasema.